“Umekojoa lini?”

Mhariri, swali lenu la wiki hii, “Je, watoto wadogo wapelekwe mbuga za jangwani?”, limenigusa pabaya. Jibu langu la kwanza ni hapana. Msiwapeleke.

Agosti mwaka juzi tulikwenda Sibiloi, mbuga iliyo kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu sita ndani ya gari moja la kukodi: mimi, mume wangu, mama mkwe, dereva, na vijana wetu wawili, mmoja miaka 11, mwingine 5. Mpaka Marsabit ni lami, mtu anasinzia. Ukishapita jangwa la Chalbi na mji mdogo wa North Horr unafuata alama za magurudumu tu, na ule upepo wa Turkana ambao aliyewahi kuonja hahitaji kuelezwa.

Kama saa sita mchana, kabla hatujafika Karsa, lango la mbuga, gari likakwama katikati ya laga, yaani mto mkavu wa mchanga. Mchanga ulifika kwenye ekseli. Tulikuwa na sepetu moja. Dereva alitoa upepo magurudumuni, mume wangu akachimba, mimi na mkubwa tukabeba mawe na matawi ya migunga. Gari linasogea hatua moja, linazama mbili. Saa nane bado tupo palepale.

Mdogo alikuwa ametulia kivulini mwa gari, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hasumbui. Nilimuuliza kama ana kiu, akasema hapana. Hakuwa na jasho hata tone. Mama mkwe ndiye aliyemkunjua kola akaniita: shingoni mwa mtoto palikuwa na unga mweupe, chumvi. Jasho lilikuwa linatoka muda wote, upepo unalikausha kabla hatujaliona. Akamuuliza, “Mjukuu wangu, umekojoa lini?” Mtoto akafikiri, akasema, “Kule tulikolala.”

Sijawahi kuogopa vile. Nyanya alilowesha leso akamfunika, ikakauka mara moja, akailowesha tena. Akakoroga maji kwa sukari na chumvi kidogo, akawa anamnywesha kijiko kimoja kimoja, maana akigida anatapika. Kati ya vijiko alimhesabia vidole vya miguu, mmoja baada ya mwingine, apate kuendelea kusema. Mimi nilisimama tu na jerikeni mkononi.

Wakati huo akatokea kijana wa Kigabra, wafugaji wa huko, na ngamia zake, sijui kutoka upande gani, pale palikuwa patupu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alimtazama mtoto, akafungua chombo chake cha kusukwa, akatupa maziwa yenye harufu ya moshi. Najua daktari angetukataza maziwa mabichi. Nyanya alionja, akampa. Kijana akashika sepetu kwa mume wangu, akatuonyesha tutokee nyuma, tulikoingilia, badala ya kung'ang'ania mbele. Saa kumi tulikuwa tumetoka mchangani. Mtoto alikojoa kwenye saa kumi na mbili, na mimi nikalia.

Ndiyo maana nasema hapana. Lakini haki itendeke, niseme na ya kesho yake. Watu husifu Koobi Fora, mahali pa mbugani palipochimbwa mabaki ya binadamu wa kale, na lile fuvu lenye namba 1470 lililopatikana hapo mwaka 1972, ambalo sote tumelisikia shuleni. Kilichowashika wangu ni msitu wa miti iliyogeuka mawe. Gogo limelala na mishipa yake ya mbao yote, ukiligonga ni jiwe. Mkubwa alitia kipande mfukoni, nyanya akamwambia akirudishe palepale alipokiokota, na akakirudisha. Mdogo akauliza, “Nyanya, hii miti ilikuwa inakunywa wapi?” Tukageuka sote kulitazama ziwa, kubwa kiasi kile, na maji yake ya magadi.

Mtoto aliyekaa nyumbani hawezi kuuliza swali lile.

Basi andikeni hivi: chini ya miaka sita, hapana. Zaidi ya hapo, labda, kama mna magari mawili, lita 10 za maji kwa kila kichwa kwa siku, na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto tu, asiguse sepetu. Najua hivyo ningemnyima wangu ile miti, na bado sijui kama ningekuwa nimekosea. Sasa ana miaka 7. Tunarudi Julai. Gari la pili limeshalipiwa, na nyanya amesema atakaa nyuma, kati ya wajukuu wake.