Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Shaba chenye Sungura na Kwale

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu shemeji yangu ametuachia kibao cha shaba alichokinunua miaka mingi iliyopita, wakati samani za nyumba moja ya shamba la kahawa nje kidogo ya Moshi zilipokuwa zikiuzwa. Kina urefu wa sentimita 40 hivi, na usoni ametokezwa sungura aliyening'inizwa kichwa chini kwa mguu mmoja, pamoja na kwale wawili. Pembeni pana jina MENE. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, ila kwenye mikunjo pana ukijani. Kijana wa vyuma chakavu anataka kukipima kwa kilo, na jirani ananishauri nikisugue kwa limau na chumvi king'ae ndipo nitafute mnunuzi mwingine. Mke wangu naye anauliza ni nani huyo aliyetundika mizoga sebuleni kwake. Nifanye nini? – Mwalimu mstaafu, Moshi.

JIBU: Mwalimu, shikamoo. La kwanza ni kuliweka mbali hilo limau, na chumvi mbali zaidi. Rangi ya kahawia unayoiona si uchafu. Mafundi wa Ufaransa wa karne ya 19 waliipasha moto bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, wakaipaka dawa hadi ikapata ngozi hiyo, na wakusanyaji wa leo huithamini ngozi hiyo karibu sawa na sanamu yenyewe. Asidi ya limau huichuna. Chumvi ina madhara mabaya zaidi, kwa kuwa kloridi yake hujificha ndani ya vinyweleo vya madini na, ikipata unyevu kama ule wa miezi ya ukungu huko kwenu, huendelea kuila shaba na kutoa unga wa kijani hata baada ya kibao kufutwa kikawa kisafi. Mng'ao wa wiki moja haufai kununuliwa kwa bei hiyo.

Kuhusu jina, Pierre-Jules Mêne alizaliwa Paris mwaka 1810 na kufariki mwaka 1879, naye ni miongoni mwa wachongaji wa wanyama waliosifika sana katika kizazi kilichofuata nyayo za Antoine-Louis Barye. Hata hivyo, usilichukulie jina hilo kama hati. Saini huwa imo ndani ya kalibu, yaani umbo la kumiminia madini, kwa hiyo kila nakala huzaliwa nayo. Baada ya kifo chake, mkwewe Auguste Cain, ambaye pia alikuwa mchongaji, aliendelea kuzitoa kazi zake, na wengine wakaiga bila ruhusa ya mtu. Kwa picha uliyotuma sithubutu kusema chako ni cha kundi lipi.

Kigeuze basi, kwa maana mgongo husema kweli kuliko uso. Tafuta mahali palipokwaruzika tayari (usikwaruze mwenyewe, nakuomba): wekundu au umanjano huashiria bronzi, na weupe wa kijivu huashiria zinki iliyopakwa rangi, ambayo ilitumika sana kutengenezea mapambo ya bei nafuu. Sumaku haitakusaidia hapo, kwani bronzi na zinki zote hazivutwi nayo. Kisha rudi usoni ukitumia kioo cha kukuzia, utazame manyoya ya sungura. Katika nakala nzuri, fundi aliyapitia kwa patasi ndogo baada ya kumimina madini, hivyo mistari yake ni mikali na haifanani. Nakala iliyotolewa kwa kupiga kalibu juu ya nakala nyingine huwa na manyoya yaliyofifia kama sabuni iliyotumika, tena huwa ndogo kidogo, kwa sababu bronzi hunywea inapopoa.

Usafishaji wake ni mwepisi: brashi laini iliyo kavu, kitambaa cha pamba, na mwisho nta kidogo isiyo na rangi. Ukijani uliotulia na kushikamana uuache ulivyo. Ukiwa ni unga unaodondoka na kurudi tena, kiweke pakavu na umtafute mtu wa makumbusho akitazame. Kijana wa mizani mshukuru kwa heshima umwache aende zake, kwa kuwa yeye hulipia uzito tu, na uzito ndiyo sehemu ya kibao yenye thamani ndogo kuliko zote.

Mama naye ana haki ya kuuliza. Katika nyumba za wenye uwezo huko Ulaya, windo lililoning'inizwa lilikuwa pambo la chumba cha kulia, likimwonyesha mgeni kwamba mwenyeji ana msitu wa kuwindia na meza isiyokauka nyama. Na kwa kuwa vibao vya namna hiyo mara nyingi vilitengenezwa viwili viwili ili vikae kushoto na kulia kwa kabati la vyombo, ningewauliza kwanza waliokuwepo siku ya mauzo yale kama hakuna mtu aliyeondoka na kibao cha pili, pengine chenye bata au paa, kabla ya kutaja bei kwa mnunuzi yeyote.