Kwa mama mgeni wa Mabatini: mimi napanga mambo yangu kwa giza na mbalamwezi

Mdogo wangu mleta mada, pole na hongera. Nimesoma maelezo yako yote. Umehamia Mwanza kutoka Singida miezi minne iliyopita, mmepanga Mabatini huko juu kwenye mawe, una wa miaka mitatu na wa miezi mitano, na shemeji anaondoka na gari la mizigo Jumatatu anarudi Ijumaa. Unataka kuanza biashara ndogo ila kila siku jua linazama hujagusa ulichopanga, ndipo ukaomba wenzako tukuandikie ratiba: kuamka saa ngapi, kulala saa ngapi. Na ukauliza kama umwachishe mtoto kunyonya ili upate nafasi.

Hilo la kunyonya nalijibu kwanza maana limenigusa. Usimwachishe. Nitalirudia huko chini.

Wengi hapa wamekuambia uamke saa 10 alfajiri umalize kazi zote watoto wakiwa wamelala. Mimi niliamka saa hiyo miezi mingi. Nina watoto watatu sasa, wa kwanza yuko darasa la pili, wa kati ana miaka minne, wa mwisho mwaka mmoja na miezi mitatu. Naishi Igogo, mlimani kama wewe, na nauza dagaa. Ukiwa na mtoto anayenyonya, saa 10 alfajiri si yako hata kidogo. Usiku ameamka mara tatu, umelala vipande vipande, halafu unajilazimisha kuamka kuchota maji. Saa 4 asubuhi huna mwili tena, na mtoto mkubwa anapata ukali ambao hakuustahili. Nilikuwa namchapa wa kwanza kwa kumwaga uji. Uji tu, mtoto wa miaka miwili na nusu. Nikikumbuka bado roho inaniuma.

Kilichonibadilisha ni ugonjwa wa huyo huyo wa kwanza. Wakati ule nilikuwa nakwenda Igombe, ufukweni mwa ziwa, kununua dagaa wabichi na kuanika mwenyewe. Sikuwa na wa kumwachia, kwa hiyo nilikuwa nambeba. Mimi naanika, yeye anacheza pembeni pale maji yanapofika kifundo cha mguu, kwenye majani majani, anajaza mchanga kwenye kopo. Nilikuwa namtazama asizame, nikajua nimemlinda. Baada ya miezi kadhaa akaanza kulalamika tumbo, anakonda, chakula hataki. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya minyoo ya dukani. Halafu siku moja nikaona damu kwenye choo chake. Zahanati niliyokwenda kwanza waliniambia ni amiba. Nikaenda pengine, wakapima choo, wakaniambia kichocho.

Mimi nimezaliwa huku huku kanda ya ziwa na nilikuwa najua kichocho ni mkojo wa damu. Mhudumu yule akanieleza, na nawaeleza na nyie mnaosoma: huku ziwani kilicho kingi ni kile cha tumbo, damu inatoka kwenye choo kikubwa, na mara nyingi haionekani kabisa, mtoto anakuwa mnyonge tu na tumbo kubwa. Vijidudu vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, vinapenya kwenye ngozi. Si lazima anywe maji, akisimama tu humo vinampata. Wale wa shuleni hupewa dawa kwa kampeni, wanapimwa urefu wanameza, ila wa kwako wa miaka mitatu hayumo. Ukiona dalili hizo mpeleke apimwe, usisubiri aanze shule. Wa kwangu alipewa vidonge akiwa ameshiba, alilala siku nzima, na ndani ya wiki chache akawa anaomba chakula mwenyewe.

Basi nikiwa nyumbani na mtoto anayepona, nikakaa wiki nzima bila kwenda mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotua na dagaa wanauzwa. Na wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi, hata ningekwenda nisingepata kitu cha maana. Nikaona jambo ambalo wavuvi wanalijua tangu zamani na mimi sikuwahi kulitia kwenye maisha yangu ya nyumbani.

Kwa wewe mgeni: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawekwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, dagaa wametawanyika. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu. Wanasubiri giza. Ndiyo maana utasikia huku mtu anasema "tutalipana giza likirudi". Kwa hiyo mwezi mmoja una sehemu mbili. Giza dagaa ni wengi, bei inashuka, mnunuzi anahangaika. Mbalamwezi dagaa wanaadimika, bei inapanda. Wale wakavu wanaokuja Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, kutoka visiwani, kama Ukerewe na Ukara, wanachelewa siku chache nyuma ya mwezi, kwa sababu wameanikwa na kusafirishwa kwanza.

Nikaacha kulazimisha kila siku ifanane na nyingine. Nina kalenda ya ukutani, ile yenye alama za mwezi. Nachora duara kwenye mwezi mpevu, nahesabu siku tano nyuma na tano mbele. Hizo kumi na moja ni za nyumbani na watoto. Zinazobaki ni za dagaa, na humo sijidai kuwa mama wa kupika mboga tatu. Wiki za giza kwetu ni ugali, dagaa na mchicha, au wali na maharage niliyochemsha ya siku mbili. Nguo zinafuliwa za shule na za mtoto tu. Nyumba haipigwi deki kila siku. Hilo la deki lilinichukua muda kulikubali kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja bila taarifa. Mwishowe nilimkalisha nikamwonyesha kalenda. Alitoka kwenye familia ya wavuvi, alielewa kabla sijamaliza. Siku hizi yeye ndiye ananikumbusha, "mwanangu, giza limeingia, mlete huyo wa kati akae na mimi."

Mbalamwezi ikifika nafua mablanketi na vyandarua, nakata viazi vitamu vya michembe, vile vipande vya kukausha, kama kuna jua, nawanyoa watoto, nakwenda shule kuonana na mwalimu, nakwenda kliniki. Na jioni, mwezi umetoka nyuma ya mawe, tunakaa nje kwenye jiwe letu kubwa, mkubwa anamsomea mdogo. Sina haraka na mtu. Watoto wamezoea kiasi kwamba wa miaka minne akiuona mwezi mzima anauliza, "Mama, kesho hatuachwi?" Namjibu hatuachwi.

Najua utasema hujaanza kuuza dagaa. Lakini hapa Mwanza hata ukiuza vitumbua mwezi utaufuata tu, kwa sababu wateja wako wengi pesa yao inatoka ziwani. Jirani yangu anauza chapati na chai, giza ndiyo anauza sana alfajiri, ila jioni hana kitu. Tumepatana hivi: yeye amemaliza saa 3 asubuhi, anakaa na watoto wangu wawili wadogo hadi saa 7 mchana wiki za giza. Mbalamwezi mimi nakaa na wa kwake siku nzima, yeye anakwenda kuuza mitumba minadani. Hatulipani pesa. Nampa kisado kimoja cha dagaa kila giza. Kabla ya hapo niliwahi kuajiri binti wa kazi, alikuwa mtoto mwenyewe, nikaona namwachia mtoto watoto, nikamrudisha kwao na nauli na mshahara wake. Tafuta mama mwenye saa tofauti na zako. Mabatini hukosi. Mwangalie kwanza anavyoongea na watoto wake akiwa amechoka, hapo utamjua.

Sasa maji, maana najua ndiyo yanakula muda wako kuliko chochote. Huko juu kwenye mawe maji ya bomba yana siku na saa zake, na mara nyingi ni usiku. Ukikosa, unanunua kwa madumu yanayobebwa na vijana hadi mlangoni, na kila ngazi unayopanda bei inapanda nayo. Nilichofanya ni kununua pipa mbili kubwa zenye vifuniko kabla sijanunua kabati. Weka mfereji wa bati kukinga mvua. Kuanzia Oktoba hadi Mei mvua zinasaidia sana, Juni hadi Agosti ndiyo kavu, hapo tenga pesa ya maji mapema. Funika mapipa, kamba juu, kwa sababu wa miaka mitatu anafika, na kichwa chake kizito kinaweza kumtumbukiza. Na usiruhusu mtu akuletee maji ya ziwa ukamwogesha mtoto siku hiyo hiyo. Kama huna mengine, yaache siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, vile vijidudu vya kichocho vinakufa. Ya kunywa ni kuchemsha tu, hata yakiwa meupe namna gani. Weka ndani pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na vidonge vya zinki muda wote, kwa sababu kuharisha huanza usiku na huko juu bodaboda hafiki mlangoni. Pakiti ya lita moja inaingia kwenye lita moja kamili, usikisie kwa kikombe. Kama anaharisha na analegea, hanyonyi, macho yameingia ndani, shuka naye usiku huo huo, amsha jirani.

Mawe yenyewe: jenga kauzio ka mawe au mabanzi mbele ya mlango. Wa kati wangu alianguka urefu wa mtu mzima, Mungu alimwangukiza kwenye magunia.

Narudi kwenye kunyonya. Wa miezi mitano anatakiwa maziwa yako tu mpaka atimize sita, hata maji usimpe. Umebakiwa na mwezi mmoja, yaani giza moja na mbalamwezi moja. Tumia huo kutafuta jirani, kununua pipa, kuchunguza soko. Usianze biashara sasa. Akitimiza sita mpeleke kliniki, atapata matone ya vitamini A. Kisha miezi tisa ni chanjo ya surua na rubela, na hapo wanatoa chandarua. Marudio ya chanjo hiyo ni mwaka na nusu. Kila mwezi apimwe uzito. Zungushia hizo tarehe kwenye kalenda yako, na kama ya kliniki imeangukia giza, nenda hivyo hivyo, dagaa wasubiri.

Ukianza kutoka, kamua maziwa kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko, yaweke mahali pa baridi, yatumike ndani ya saa nne. Anyweshwe kwa kikombe, chupa ni ngumu kuosha kwa maji yetu haya. Ukirudi mnyonyeshe kabla hujapika.

Chakula chake akishatimiza miezi sita huku hakina shida. Chukua dagaa wasio na mchanga, toa vichwa, osha, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji wa ulezi au wa mahindi. Usinunue ule unga wa lishe uliochanganywa nafaka sita na karanga, unakaa dukani hujui tangu lini. Viazi vitamu vya njano ndani, ukiponda na maziwa yako, wangu wote watatu walivipenda. Sato unamchemsha, unachambua miba kwa vidole, si kwa kijiko, kidole kinausikia mwiba ambao jicho halikuuona.

Shemeji mwambie kitu kimoja tu, akirudi Ijumaa ajaze mapipa kabla hajaoga. Baba watoto wangu anafanya hivyo, na mzigo ule peke yake ulinirudishia Jumamosi yangu yote.

Siku utakayokwenda Mwaloni kuangalia bei, usiende na watoto, na nenda giza likiwa limekaa kama siku tano. Waangalie dagaa wanaong'aa kama fedha, wakiwa wa njano waache. Muombe muuzaji kiganja kimoja, tia kwenye kikombe cha maji, koroga, subiri kidogo. Mchanga utazama chini na utauona. Wale walioanikwa kwenye vichanja maji yake yanabaki safi. Ni ghali kidogo, lakini akina mama wenye watoto wadogo wanawatafuta hao. Anza na ndoo moja.