Jibu: Mzee kupimwa moyo kwa dawa ya kuukimbiza

Ndugu, umeuliza kwa nini mzee wako, ambaye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kwanza ilionyesha kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu iliyomo, ameandikiwa eko nyingine ya kuwekewa dawa ili moyo uende mbio. "Si ndiyo kummaliza?" Hapana, tulia.

Hiyo 30 imepimwa mzee akiwa amepumzika. Mpanda baiskeli aliyekaa kivulini pale Ngamiani utajuaje pumzi zake mpaka apakie gunia la nazi aelekee Pongwe? Dobutamini, hiyo dawa ya kuukimbiza moyo, ndiyo gunia lenyewe. Inaingia kwa dripu kidogo kidogo, mara nyingi kuanzia mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika, na kila hatua daktari anatazama kuta za moyo zinavyojikunja. Zikiongeza nguvu, moyo una akiba. Wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hupata nafuu zaidi kwa dawa na huishi muda mrefu kuliko wale ambao moyo wao haushtuki. Ukuta ukichangamka mwanzoni kisha ukalegea dozi ikipanda, hapo hushukiwa mshipa uliobana: nyama ya moyo ingali hai, ila ina njaa ya damu.

Mama yangu mdogo alifanyiwa kipimo hiki. Alilala ubavu wa kushoto, jeli ya baridi kifuani, nyaya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) tele, akalalamika moyo unamdunda kama ngoma ya mdumange. Dripu ilipofungwa, baada ya dakika chache ukatulia. Mapigo kuvurugika hutokea, ndiyo maana daktari habanduki.

Dawa za mzee wako za kupunguza mapigo, kama anazo, muulize daktari kama azisimamishe siku hiyo. Msiziache wenyewe.