Uchovu Usiokwisha kwa Kulala: Jibu kwa Dada wa Makambako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Makambako aliniandikia ujumbe mrefu usiku. Mwaka juzi aliugua homa kali, homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Analala usiku kucha na kuamka amechoka vilevile. Akifua nguo za watoto, kesho yake hainuki. Vipimo vinasema ni mzima. Mume ameanza kunyamaza, na wifi yake amemwambia waziwazi kwamba uvivu hauna dawa. Mwishoni akauliza: "Dada, wewe uliponaje?"

Sijapona. Nianze na hilo, maana wengi mnaona naposti magauni niliyoshona mnadhani yameisha. Nina ugonjwa wa uchovu sugu, ule ambao madaktari huuandika ME/CFS, na hadi leo haujapatiwa dawa ya kuuponya. Naishi nao, na kazi nafanya. Hilo najivunia.

Mimi ulinianza baada ya mafua ya mwezi wa sita, na baridi ya Uyole mnaijua. Wenzangu walikohoa wakapona, mimi nikabaki. Watu wengi huanza hivyo, baada ya maambukizi ya virusi, na wanawake tunaugua zaidi ya wanaume. Habari ya kuzunguka zahanati, vidonge vya kuongeza damu na maombezi siisimulii, kila mgonjwa anayo ya kwake.

Kilichoniumiza kuliko mwili ni msiba wa ukweni, Tukuyu. Mnajua msiba wa kwetu, mkamwana hakai. Siku ya kwanza nilimenya ndizi, nikabeba maji, nikaosha masufuria hadi usiku, na nilijisikia vizuri kabisa. Kesho yake tukazika, bado nasimama. Siku iliyofuata sikuweza kuinua kichwa. Mwanga wa dirishani uliniumiza macho, maneno yalinipotea mdomoni, koo liliuma. Wifi mmoja akasimama mlangoni akasema kwa sauti, wageni wakisikia, kwamba jana nilikuwa mzima nikiongea na watu, leo vyombo vimejaa ndipo naumwa. Miaka imepita. Tunasalimiana, tunakula pamoja, lakini neno lile halijanitoka.

Laiti angejua kwamba ile jana ndiyo ushahidi wenyewe. Ugonjwa huu haukuangushi palepale. Mara nyingi unakuja saa 12 hadi 48 baada ya kujituma, na unaweza kukulaza siku kadhaa au wiki. Mwili unakukopesha kwa masharti ya kausha damu: leo unapewa nguvu bila maswali, keshokutwa wanakuja kubeba hadi godoro. Hata kazi ya kichwa, kupiga hesabu za wateja au kugombana na mtu, inadaiwa vilevile.

Na msikubali kuambiwa ni mawazo tu. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu 1969. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilieleza dalili zake: uchovu mzito usiokuwepo zamani, uliozidi miezi 6 na hauishi kwa kupumzika, kuzidiwa baada ya kujituma, usingizi usioburudisha, na juu ya hayo, akili kuwa nzito au kuzidiwa ukisimama. Daktari mmoja, hospitali siitaji, aliniambia nitembee kila asubuhi na kuongeza umbali kidogo kidogo. Nilitii, nikaishia kuogeshwa na mwanangu. Oktoba 2021 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa namna hiyo kwa wagonjwa wetu. Nilipolisoma hilo nililia.

Lakini dada, usijipachike jina hili mwenyewe. Hakuna kipimo kimoja kinachouonyesha, hivyo lazima upimwe kwanza kuhakikisha si magonjwa mengine: upungufu wa damu, sukari, kifua kikuu, VVU, sonona, brusela kama unakunywa maziwa mabichi, na tezi la shingo ambalo nyanda zetu hizi zinalijua tangu zamani. Hayo yana matibabu yake. Rudi hospitali na daftari: umefanya nini, umezidiwa lini, umelala siku ngapi. Daftari langu ndilo lililomfanya daktari wa pili anisikilize.

Kisha acha kazi kabla hujachoka. Nalirudia kila mara kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Ukijisikia vizuri, hapo ndipo uache. Mimi nilifunga mota kwenye cherehani, miguu ikapumzika kukanyaga. Nakata vitambaa nimekaa, pasi anapiga kijana, na oda za sare za Januari napokea chache, anayekasirika aende kwa fundi mwingine. Baada ya kukata nalala chali kwenye mkeka, hata kama sina usingizi, ndipo nashona. Kuoga na kupika sivifanyi kwa mfululizo. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, mwambie daktari, kuna msaada wa hilo.

Nanyi waume na mawifi mnaosoma, mtu aliyekuwa akiamka alfajiri kulima viazi hawezi kugeuka mvivu ndani ya wiki moja. Mwogopeni Mungu. Mchoteeni maji ndoo mbili, kisha mnyamaze.

Dada, umesema mwezi ujao kuna harusi ukweni. Ongea na mumeo kwanza, amweleze mama mkwe yeye mwenyewe, usimtume wifi. Toa mchango wako mapema. Omba kazi ya kukaa, kama kuchambua mchele au kuandika majina ya waliochanga, na muda wa kuondoka usemwe kabla hujafika. Siku mbili baada ya harusi usipange kitu chochote, watoto wapelekwe kwa bibi yao.