Maswali ya Wasomaji: Canter Inachemsha Mlimani

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Canter yenye injini ya 4D33. Nashusha mbao kutoka Mafinga hadi Dar, narudi na saruji. Tambarare haina neno, ila nikianza kupanda Kitonga mshale wa joto unakaribia alama nyekundu. Fundi anataka tufungue silinda hedi. Nikague nini mwenyewe kabla sijatoa hela?
*Dereva, Mafinga*

JIBU: Marahaba. Hedi isiguswe kwanza. Angalia gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni, shuku feni na mkanda wake. Likichemsha likiwa kasini kwenye tambarare, shuku mzunguko wa maji na rejeta. La kwako linachemsha likiwa na mzigo mlimani, ambako injini inatoa joto jingi huku gari likitambaa, upepo wa barabarani haupo na feni ndiyo inabeba kazi yote. Hapo tunaanza na rejeta iliyoziba nusu au feni isiyovuta.

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta utazame mpira wake: ukiwa umekauka au umekatika, badilisha. Mfuniko mpya uwe na namba ileile ya presha, kwa mfano 0.9, yaani takriban baa 0.9. Wengi huudharau, kumbe ndio unaozuia maji yasichemke mapema. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95, lakini chini ya mfuniko mzima wa 0.9 yanavuka 110.

Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, kwa nguvu. Uingie milimita 10 hadi 15. Ukizidi hapo unateleza, na pampu ya maji inazembea pamoja na feni. Kama feni yako ina klachi ya mafuta, izungushe kwa mkono mara tu unapozima injini ya moto. Ikizunguka kirahisi bila kukaza, klachi imekufa. Alama za mafuta kwenye kitovu chake zinasema hivyohivyo. Kava la plastiki linaloizunguka feni nalo liwepo, maana bila hilo feni inazungusha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Sasa mulika tochi kwenye rejeta kutoka upande wa injini. Usipoona mwanga upande wa pili, mapezi yamejaa vumbi, wadudu na mbegu za nyasi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inakunja mapezi.

Kuziba kwa ndani kunapimwa kwa kipimajoto cha kuelekeza (cha infraredi, kinachosoma joto bila kugusa), na usipime gari likinguruma tu nyumbani, utadanganyika. Pima mara baada ya kupanda kilima na mzigo, ukiwa umeegesha pembeni, injini ikinguruma. Elekeza kwenye mpira wa hosi, si kwenye chuma kinachong'aa, kwani hapo kipimo kinasoma pungufu. Hosi ya juu ikiwa moto sana na ya chini baridi kwa nyuzi 30 au zaidi, maji hayapiti vizuri: rejeta imeziba, thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) imekwama au pampu imechoka. Zote mbili zikiwa moto karibu sawa, maji yanapita, hewa ndiyo haipiti.

Kipimo cha gasketi ya hedi hakitakugharimu chochote. Injini ikiwa baridi, toa mkanda wa feni, jaza rejeta mpaka mdomoni, acha mfuniko wazi, washa kwa dakika moja tu. Mapovu yakitoka mfululizo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na fundi wako atakuwa na haki. Usiliendeshe gari mkanda ukiwa nje: malori mengi madogo ya dizeli yana pampu ya vakyumu ya breki nyuma ya alteneta, nayo inazunguka kwa mkanda huo.

Na ukiwa Kitonga, mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla huku injini imelegea, usishangilie. Huenda maji yameisha na kitambuzi kiko hewani. Zima. Usifungue mfuniko mpaka hosi ya juu ishikike kwa mkono, na usimwagie injini maji baridi, hedi itapasuka.

SWALI: Makanika alitoa thamostati kwenye Isuzu NPR yangu, akasema huku joto halina haja nayo. Bado inapanda joto, na dizeli inaisha haraka. Nifanyeje?
*Mwenye lori, Nakuru*

JIBU: Irudishe. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto haipozwi kamwe. Asubuhi nako injini inakaa baridi muda mrefu, dizeli haiungui vizuri, inateremka kwenye oili na kula silinda.

Kabla ya kufunga mpya, ning'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto na upashe moto taratibu. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 76 au 82, na maji yanapochemka (Nakuru ni juu, hayafiki 95) iwe wazi kabisa au karibu kabisa, milimita 8 hivi. Isipofunguka, irudishe dukani.

SWALI: Maji ya kisima yanafaa kwenye rejeta?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana, hasa ya chumvi ya pwani. Yanaacha ukoko kwenye mirija na kutoboa alumini. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, au ya mvua safi, changanya na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu. Jaza polepole, pua ya gari ikielekea juu, koki ya hita ikiwa wazi. Washa mpaka hosi ya juu ipate moto, maji yatashuka hewa ikitoka, ongeza ndipo ufunge mfuniko.