Maswali ya wasomaji: Eti homoni zangu zimevurugika asilimia 65

Wiki hii simu imejaa homoni tu. Nimechagua nne, tatu za hapa Kigoma mjini na moja ya Kasulu, zingine nitajibu pembeni maana zina mambo ya ndani ya nyumba za watu.

*Dada habari za kazi. Mi nina miaka 27, naishi Mwanga ila biashara yangu ni dagaa pale Kibirizi. Nilikua natumia sindano ya miezi mitatu kwa miaka miwili, ya mwisho nilichoma mwezi wa pili mwaka huu nikaacha maana mume anataka mtoto wa pili. Sasa huu mwezi wa tisa hedhi haieleweki, mara matone siku mbili, mara mwezi mzima hamna kitu. Kuna watu walikuja sokoni na mashine ya kupima mwili mzima, unashika kichuma mkononi kama dakika moja kompyuta inatoa karatasi. Yangu ikaandika homoni zimevurugika asilimia 65 na kizazi kichafu. Dozi ni laki mbili na arobaini, nimelipa nusu. Kuna kipindi nilikonda sana kwa mawazo ila hilo limekaa sawa, rafiki yangu alinipa vile vidonge vya kunenepa sa hivi hata mashavu yamejaa. Je nimalizie hiyo nusu?*

Usimalizie mdogo wangu. Hiyo laki na ishirini iliyobaki rudisha kwenye mtaji.

Tuanze na kichuma. Homoni ziko kwenye damu, tena kwa kiasi kidogo mno, na maabara wanazipima kwa damu, moja moja kwa jina lake, nyingine mpaka zina siku yake, mfano FSH, ile ya ubongo inayokuza yai, inapimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi na projesteroni inapimwa kama wiki moja kabla ya hedhi ijayo. Hakuna kitu kinaitwa homoni asilimia 65. Asilimia 65 ya nini? Mi mwenyewe nilishawahi kushika hicho kichuma kwenye maonesho fulani, karatasi ikatoka, dada wa watu akaanza kunisomea, figo, ini, akafika kwenye tezi dume imeanza kuvimba ndo akanyanyua macho akaniangalia vizuri.

Na hicho kizazi kichafu nacho ni maneno ya biashara. Hedhi yenyewe ndo ukuta wa kizazi unabanduka na kutoka, kazi hiyo kinaifanya chenyewe toka uvunje ungo. Damu ikiwa nyeusi nyeusi ni damu iliyochelewa kutoka tu, kama damu ya kidonda inavyobadilika rangi ikikaa. Wakikuletea vya kujifukiza au vya kuingiza ukeni kataa, kule ndani kuna bakteria walinzi, ukiwaua ndo unakaribisha fangasi na harufu.

Sasa sindano. Kwa kawaida ubongo unatuma ishara kwenye ovari, yai linakua, estrojeni inajenga ukuta wa kizazi, yai linatoka, projesteroni inashika zamu, mimba isipoingia zote mbili zinashuka na damu inakuja. Sindano ni ndugu wa projesteroni, inakaa kwenye msuli ikitoka kidogo kidogo na kuuambia ubongo tulia. Ile miezi mitatu ni muda wa uhakika wa kukukinga, sio kwamba siku ya 91 dawa imeisha mwilini. Kupata mimba baada ya kuacha inachukua wastani wa miezi 10 toka ile sindano ya mwisho, na wengine wanavuka mwaka kabisa. We uko mwezi wa saba toka uchome ya mwisho. Haijakuharibu, bado inatoka. Ila kabla ya yote nunua kipimo cha mimba pale duka la dawa, maana nimeshaona mtu anahangaikia homoni kumbe ana mimba ya miezi minne.

Ila dada, mstari ulionishtua kwenye meseji yako sio wa sindano, ni ule ulioupitia haraka haraka, vidonge vya kunenepa. Mara nyingi vile vinavyouzwa bila boksi kwenye vikaratasi ni siproheptadini ya kukupa njaa imechanganywa na deksamethasoni. Deksamethasoni ni steroidi, inaigiza kortisoli, homoni inayotengenezwa na vitezi vilivyokaa juu ya figo. Ukiimeza kila siku ubongo unaona ipo ya kutosha, vile vitezi vinalala, hedhi inayumba, sukari na presha vinapanda, na uso unakua wa duara. Hayo mashavu sio afya mdogo wangu. Na usije ukaacha ghafla leo usiku baada ya kusoma hapa, kama umemeza zaidi ya wiki tatu hivi vitezi havijaamka na unaweza kudondoka, beba hivyo vidonge uende kituo cha afya wakupangie namna ya kushuka taratibu. Na wale wa mkorogo msicheke, krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi ile ile, inapita kwenye ngozi.

Cha kufanya nyumbani. We mtu wa Kibirizi unajua kuhesabu usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi bila kuangalia simu, maana mwezi uking'aa taa za wavuvi hazivuti dagaa na biashara inalala. Basi hesabu na zako hivyo hivyo, andika siku ya kwanza ya damu kila inapokuja, kuanzia siku 21 mpaka 35 ni kawaida, na sio lazima ifanane kila mwezi. Ukiona ute unavutika kama ute wa yai bichi hizo ndo siku za kumtafuta mtoto. Anza foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku sa hivi hivi kabla mimba haijaingia. Dagaa unao, kula na vichwa vyake, na maharage na matembele juu. Usingizi ndo mtihani, najua mnaamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi, basi lala mchana, ubongo huo huo unaopanga usingizi ndo unaopanga na hedhi. Ukifika mwezi wa pili mwakani mimba bado kimya nenda hospitali, na mume aje, mbegu nazo zinapimwa.

*Asalam aleikum dada. Nina miaka 22, nipo Ujiji. Hedhi yangu inakuja baada ya miezi mitatu minne toka nipo sekondari, nina ndevu kidevuni nanyoa kwa siri, chunusi haziishi na mwili unaongezeka. Bibi anasema nimerogwa na shangazi mmoja.*

Waaleikum salaam. Muacheni shangazi. Hivyo ulivyovitaja vikikaa pamoja mara nyingi ni PCOS, ovari zinalea vijiyai vingi vidogo lakini hakuna kinachokomaa kikatoka, na homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zinakua juu. Inakadiriwa inakuta kama mwanamke mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Kwa hiyo hapo mtaani kwenu hauko peke yako, wenzio nao wananyoa kwa siri. Na kunyoa hakuongezi ndevu, hayo ni maneno.

Nenda wakupige ultrasaundi na kupima damu, pamoja na sukari na tezi ya shingo, ili waondoe magonjwa yanayofanana nayo. Nyuma ya PCOS mara nyingi kuna insulini, mwili hauisikii vizuri kwa hiyo kongosho linamwaga nyingi zaidi, na hiyo ya ziada inaichokoza ovari itengeneze homoni za kiume. Ndo maana chakula kina nguvu hapa kuliko kwenye tatizo lingine lolote la homoni. Kama una kilo 80, kushusha kilo 4 mpaka 8 tu kunaweza kurudisha hedhi, sio lazima uwe mwembamba. Punguza soda na chai ya vijiko vinne, bonge la ugali lipunguze nusu, samaki kama mgebuka na mboga viongezeke, na utembee kwa miguu, Ujiji mpaka Mwanga ukienda bila bajaji mara kadhaa kwa wiki ni dawa ya bure. Ila kukaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi miaka na miaka sio salama, ukuta wa kizazi unajazana bila kutoka, kwa hiyo daktari akikupa vidonge vya kuleta hedhi au metifomini, ile ya kusaidia mwili kuisikia insulini, usikatae eti unataka vya asili tu.

*Shikamoo, ingawa inawezekana mi mkubwa. Nina miaka 53, Kasulu. Hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, mwezi uliopita damu imerudi siku nne. Majirani wananipongeza ujana umerudi. Nitumie nini kubalansi?*

Shikamoo mama, mi ndo mdogo. Usitumie chochote, nenda hospitali wiki hii. Hedhi ikishakata miezi 12 mfululizo imekoma, damu inayokuja baada ya hapo hata ya siku moja hata matone inatakiwa itafutiwe sababu. Inaweza kuwa ukavu wa uke tu au kinyama kidogo, lakini inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi au ya kizazi chenyewe, na zote mbili zikiwahiwa zinatibika. Mwambie daktari maneno haya haya, ilikoma miaka mitatu imerudi. Majirani waambie umeenda kusalimia wajukuu.

*Dada, mama yangu na dada yangu wana uvimbe mbele ya shingo, na mi nahisi baridi, nachoka, nywele zinakatika na hedhi ni nzito. Sisi ni watu wa ugali wa muhogo na chumvi tunanunua ya kupima sokoni. Gungu.*

Hii ndo barua niliyoipenda maana umejijibu nusu. Tezi ya shingo inatengeneza homoni kwa kutumia madini joto, yakikosekana inavimba ikijaribu kukamata hata kidogo kilichopo, na ikizidiwa ndo hayo ya baridi, uchovu, choo kigumu na hedhi nzito. Muhogo ambao haujalowekwa vizuri una sumu ambayo mwili ukiivunja inaizuia tezi kuchukua madini joto. Wenzetu wa kisiwa cha Idjwi kule ziwa Kivu, Kongo, walichunguzwa kwa jambo hili hili miongo mingi iliyopita, muhogo na upungufu wa madini joto vilivyokutana, mashingo yakavimba. Kwa hiyo muhogo kuleni, ila mloweke siku tatu nne uchachuke ndo uanikwe, msikimbilie kuusaga.

Na msidhani dagaa wanatosha. Wana chuma na kalsiamu, ila samaki wa maji baridi wana madini joto kidogo, wenye mengi ni wa baharini. Chumvi yetu ya Uvinza imechemshwa karne na karne na mi naipenda, lakini yoyote ile inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi usihesabu kwamba ina madini joto, nunua ya pakiti iliyoandikwa hivyo. Mwende wote watatu mkapimwe TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ya shingo, na we ukiwa na mpango wa mimba wahi zaidi maana ubongo wa mtoto unajengwa na homoni hiyo hiyo. Pakiti ukishaifungua mimina kwenye kopo lenye mfuniko, usiiweke juani wala karibu na mvuke wa sufuria, na mboga itie chumvi mwishoni ukiwa unaipua.