Kabla ya kisu: jinsi ya kuchinja bila kumtesa mnyama

Kama ni haki au si haki kula wanyama, watu watabishana mpaka chakula kipoe. Mwenye kisu mkononi ana swali dogo zaidi, ila hawezi kulikwepa: huyu anayekufa leo, atakufaje? Hata mwenye hoja nzuri za kula nyama hana hoja ya kisu butu. Na mateso mengi hutokea kabla ya kisu kufika shingoni.

Anza jana yake. Mbuzi na kondoo wasipewe chakula kwa saa 12 hadi 24, kuku saa 6 hadi 12. Tumbo likijaa hupasuka kirahisi wakati wa kulitoa, na uchafu ukaingia kwenye nyama. Maji, lakini, yasikatwe. Usizidishe saa hizo ukidhani unafanya vizuri: utumbo wa kuku aliyeshinda njaa mno hulegea na kupasuka hata ukiutoa kwa uangalifu.

Kisha mtulize. Misuli ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Mnyama akifa ametulia, akiba hiyo hugeuka asidi, na pH ya nyama (kipimo cha asidi: asidi ikizidi, namba hushuka) huteremka kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.7 ndani ya siku moja. Aliyekimbizwa, akapigwa, akalala amefungwa miguu, akiba yake imekwisha kabla hajafa. Hapo pH hubaki juu ya 6, na nyama huwa nyeusi, yenye kunata, na huoza upesi. Mtu hulaumu jokofu bure.

Usimburute kwa pembe wala kwa sikio. Mbuzi aliyetengwa na wenzake hupiga kelele na kuhangaika, kwa hiyo mlete na mwenzake hadi karibu, ila mwenzake asishuhudie. Akigoma njiani, tazama mbele yake kabla ya kushika fimbo. Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani wa tabia za mifugo, amelieleza hili kwa miaka mingi: kivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia au maji yanayometa vinatosha kumsimamisha mnyama. Ondoa hicho kitu, naye atapita.

Kisu kiwe na urefu walau mara mbili ya upana wa shingo, kisiwe na ncha ya kuchoma, na makali yasiwe na pengo hata moja. Kijaribu kwa karatasi: ishike kwa kona moja, ikate ikining'inia. Ikichanika au kujikunja, rudi kwenye jiwe la kunolea. Noa mbali, Uislamu unakataza kunoa kisu mbele ya mnyama, na hata asiye Mwislamu anaweza kuona sababu yake.

Mkato ni mmoja mrefu, unaoendelea, chini kidogo ya taya. Upitie koromeo, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili. Kosa la kawaida ni kukata koromeo na kuacha mshipa wa upande mmoja: damu inatoka, fahamu zinabaki. Kosa la pili ni kuendelea hadi mfupani. Ukikata uti wa mgongo mapema unamfanya asitikisike, hujamfanya asihisi, na wewe unapoteza dalili za kukuonyesha kama bado ana fahamu.

Dalili zenyewe ni hizi: anapumua kwa mpangilio, anainua kichwa, analia, au anapepesa jicho ukigusa mboni yake taratibu. Kurusha miguu si mojawapo. Hiyo ni kazi ya uti wa mgongo, na huendelea hata ubongo ukiwa umezimika. Kondoo na mbuzi waliokatwa vizuri kwa kawaida hupoteza fahamu chini ya sekunde 20. Usivunje shingo wala kuanza kuchuna kabla dalili zote hazijakwisha.

Ng'ombe ni habari nyingine. Ana mishipa ya damu inayopita ndani ya mifupa ya shingo na kufika kwenye ubongo, ambayo kisu hakiifikii. Mishipa ya mbele nayo ikikatwa huweza kujirudi ndani na kujiziba. Ndiyo maana baadhi yao hukaa na fahamu zaidi ya dakika moja. Ushauri wetu hapa hauna kona: usimchinje ng'ombe nyumbani. Mpeleke machinjioni wanakotumia kifaa cha kumzimisha fahamu kwanza, na uulize kama kweli wanakitumia.

Kuku mbebe wima, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, si kichwa chini akining'inia kwa miguu. Ndoo ya plastiki iliyokatwa tundu kwenye kitako ili kichwa kipite humzuia kupapatika na kuvunjika bawa. Baada ya kukata pande zote mbili za shingo subiri sekunde 90 kamili, kagua jicho, ndipo umtie kwenye maji ya nyuzi 55 hadi 60. Kuku anayetumbukizwa akiwa bado anapumua ndilo kosa baya kuliko yote haya, na chanzo chake huwa haraka tu.

Samaki tunamsahau kwa sababu halii. Kumwacha akose pumzi nchi kavu ni kifo kirefu, na barafu humpoza bila kumuua upesi. Mpige pigo moja zito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kata matamvua damu itoke.

Ukimaliza kuchuna, ikague nyama. Michubuko myekundu ni ya siku hiyo, yaani ya mikono yako au ya safari. Iliyogeuka rangi ya manjano au kijani ina siku kadhaa, na hiyo kamuulize aliyekuuzia kabla hujanunua kwake tena.